Tulitaja Tusikokwenda

Konsolata alifika kwangu Kasulu mwaka huu, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha udongo, bila kupiga simu ingawa simu anayo. Nilikuwa kibarazani nachambua maharage. Nikamwona mwanamke mrefu amesimama langoni, mfuko mmoja begani, khanga kichwani, anaikagua nyumba yangu kama mtu anayetaka kuinunua kwa bei ya chini. Kwa miaka mingi tulikuwa tukionana misibani tu, na hata huko tulipeana mikono kwa adabu ile baridi ya watu wenye jambo lao. Akasema, "Stazia, umenenepa." Nikamjibu, "Na wewe bado huna adabu." Nikamvutia kiti. Usiku ulipoingia tukala ugali wa muhogo na samaki, migebuka iliyoungwa kwa mawese, tukazungumza habari za magoti, za bei ya mbolea, za wajukuu wasiopenda kuandika barua. Kisha akavaa miwani, akachukua kutoka kwenye kikapu changu shati la mjukuu lililokatika kifungo, akatunga uzi kwenye sindano mara moja bila kukosea, jambo lililoniudhi kwa sababu mimi siku hizi natungiwa. Akaanza kushona. Bila kuinua macho akasema, "Taja mji." Nilishika ukingo wa meza. Maneno hayo sikuwa nimeyasikia tangu mwaka ule wa Kibondo, na ndiyo yaliyokuwa ya mwisho aliyoniambia kabla sijamfanyia lile nililomfanyia.

Mwaka ule tulikuwa wasichana wa miaka kumi na saba hivi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, watu wa ng'ambo ya mpaka, wanaokimbia mauaji ya kwao, walikuwa wameshavuka kwa wingi na bado wanavuka, na kila nyumba ya Kibondo ilikuwa na mgeni au ilikuwa na habari za mgeni. Mimi nilikuwa nimetolewa Kasulu kuja kujifunza ushonaji kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Pangani aliyeolewa bara na hakuacha kulisema jambo hilo hata siku moja. Nazi haziko, alisema, samaki wana mifupa mingi, na ukungu wa huku unaozesha mpaka nia ya mtu. Lakini mkono wake kwenye cherehani ulikuwa mwepesi, na sare za shule za wilaya nzima zilipita kwake. Konsolata aliletwa na watu wa kanisa. Alikuwa amevukia mpakani Mabamba pamoja na mjomba wake, ambaye sasa alilima shamba la kuazima Murungu. Mama yake walipotezana naye njiani, katika kukimbia, na tangu hapo hakujua kama ni hai au ni marehemu. Hilo alilisema siku ya kwanza, mara moja, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la kijiji chake, na hakulirudia.

Chumba cha kushonea ndicho tulicholala na ndicho ninachokikumbuka kuliko nyumba zote nilizowahi kuishi. Kilikuwa katikati ya nyumba. Mbele kulikuwa na duka na baraza ya Bwana Sefu, mume wa Bi Zuhura, na kati yetu na baraza kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Nyuma kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, linalotazama uani, kwenye jiko la mafiga na mlango wa nyuma. Walioongea barazani tuliwasikia, walioongea uani tuliwasikia, na wote walituhesabu sisi kuwa sehemu ya cherehani. Kuta nyingine Bi Zuhura alizibandika kurasa za magazeti ya picha kwa uji wa muhogo, vumbi la udongo lisidondokee nguo nyeupe. Uji ule panya waliupenda. Walikuwa wameshakula nusu ya Havana, na huko Roma walibakiza kuba la kanisa na miguu ya watalii. Penye matundu Bi Zuhura aliziba kwa vipande vya marobota ya vitambaa, vyenye maandishi meusi ya wino: Bombay, Osaka, Hamburg. Kwa hiyo tulilala tumezungukwa na dunia yote, yenye mashimo, inayonuka muhogo.

Mchezo tuliuanza kwa sababu ya matundu ya vifungo. Kazi ya kushona tundu la kifungo kwa mkono inachosha shingo na haina mwisho, na sare moja ina matundu mengi. Konsolata ndiye aliyesema kila anayemaliza tundu ataje mji anaotaka kwenda, aseme atakula nini huko, na aseme nani atampokea. Mimi nilikataa. Bibi yangu wa Kasulu alinilea katika imani kwamba safari haitajwi. Mtu anayetoka na mzigo haulizwi anakokwenda, na akitajiwa mbele ya watu safari yake imefungwa. Huweka mzigo chini, hurudi ndani kukaa jikoni, na haondoki mpaka mwezi mwingine uandame. Akilazimisha kwenda, si yeye anayelipa. Hulipa yule anayemwendea. Nilimweleza Konsolata nikidhani atacheka, kwa vile alikuwa amesoma kwa masista na alijua Kifaransa. Hakucheka. "Kwetu ni hivyo hivyo," alisema. "Kwani we wadhani Waha mmeitunga peke yenu? Lakini tutaje tusikokwenda, Stazia. Kule hakufungiki, maana hatuendi."

Basi tukataja tusikokwenda. Mimi nilitaja Moscow, nikale samaki wa kwenye theluji, ingawa sikujua kama theluji ina samaki. Nilitaja Kairo, nipande ngamia. Yeye alitaja Paris, na Lurdi kwa Bikira Maria, na Bombay, hasa Bombay, kwa sababu alitaka kuwaona wanaochapa maua kwenye vitambaa na kuwauliza kwa nini maua yao hayafanani na ua lolote lililowahi kuota duniani. Nikimuuliza nani atakupokea, kila mji alijibu jibu moja: "Nina watu wangu kule." Paris ana watu wake. Osaka ana watu wake. Msichana asiye na mtu ila mjomba mmoja wa Murungu alikuwa na watu wake dunia nzima, na alilisema kwa maringo, akivuta uzi kwa meno. Bi Zuhura akipita na bakuli lake la kahawa alisimama mlangoni akatusikiliza, kisha akasema yeye anataka Maka tu, na akitoka Maka apitie Pangani akale wali wa nazi, halafu afe. "Nyie wanangu hata Kigoma hamjafika mnaniletea Bombay," alisema. "Shoneni."

Nilimpenda Konsolata, niseme wazi, kuliko nilivyowahi kumpenda ndugu yangu yeyote wa kuzaliwa. Ndiyo maana niliona mapema alipoacha kutaja. Ilikuwa karibu na mwisho wa kiangazi. Alimaliza tundu, nikangoja, akaanza jingine. Nikasema, "Taja." Akasema kichwa kinamuuma. Kesho yake vilevile. Akafumua upindo wa gauni lake la pekee akaushona upya kwa uzi wa kukunja mara mbili. Akafua blanketi wakati halikuwa chafu. Akanirudishia kitana changu alichokiazima tangu Kwaresima na ambacho sote wawili tulishasahau ni cha nani. Mtu anayetaja Paris na Lurdi kila siku, akinyamaza ghafla, ujue amepata pa kwenda. Nilijua hivyo kwa sababu bibi alinifundisha, na nilishikwa na hofu.

Mahali penyewe nilipajua Alhamisi, kupitia dirishani. Rajabu, dereva wa lori lililomletea Bwana Sefu mizigo, alikuja mlango wa nyuma na kumwita Konsolata kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeinama sakafuni nakata kola. "Huyo mama yupo," Rajabu alimwambia. "Ana kovu la moto kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, kama ulivyosema. Ameonekana Gisuru, kule ng'ambo, karibu na kanisa, anauliza watu kama wamemwona binti yake. Jumamosi nina safari ya mnadani Mabamba. Wapo wengine wanavuka. Nakushusha, mwenyewe unaingia nao mtoni." Konsolata aliuliza jambo moja tu. "Mkono wa kushoto?" Rajabu akasema wa kushoto. Konsolata akasema, "Ego," ndiyo ya kwao. "Nitakuja."

Ningeweza kuishia hapo, nikamfurahia, nikamfungashia. Lakini Rajabu alizunguka nyumba, akaenda kukaa barazani na Bwana Sefu, akapewa kahawa, na ukuta wa mbao haukunificha neno. Bwana Sefu alimuuliza hali ya mpakani. Rajabu alikoroga kahawa, kijiko kikigonga kikombe. "Bwana, mimi nawashusha tu," alisema. "Ng'ambo siendi hata kwa dhahabu. Wale waliovuka mwezi uliopita, wale wa Kasanda, tuliwaona." Bwana Sefu akauliza, mliwaona wapi. "Mtoni," Rajabu akasema. "Walikuwa wanarudishwa na maji." Bwana Sefu akasema inna lillahi. Halafu wakaanza kuzungumza habari za tairi. Mpaka leo sijui kama Rajabu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na lori na watu walitaka kupanda. Lakini mtu yule yule, katika muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, alisema upande mmoja wa nyumba mama yupo, na upande wa pili maji yanarudisha watu, na mimi peke yangu nilikaa katikati nikasikia pande zote mbili.

Jioni ile nilimwambia Konsolata yote niliyoyasikia barazani. Tulikuwa tumekaa chini ya Havana iliyoliwa, taa katikati yetu. Nilimwambia wa Kasanda walivyorudi. Nilimsihi, nikamshika miguu, nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Nilisema tumwambie Bwana Sefu, tuwaambie watu wa kanisa, apelekwe mtu mzima wa kuuliza. Aliendelea kushona. Sikuwahi kuuona mkono wake ukitulia namna ile. "Stazia," alisema mwishowe, "wewe mama yako akilala njaa, habari inakufikia hata kwa upepo. Mimi wangu anauliza watu kanisani kama wameniona." Kisha akakata uzi, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Taja mji." Nilielewa alichokuwa ananiomba. Alinitaka nitaje Moscow, Kairo, pengine popote, nijaze chumba kwa tusikokwenda ili safari ya kwake ibaki salama kati yetu. Sikutaja. Nilizima taa nikageukia ukuta.

Ijumaa Bi Zuhura alipika pilau, kama kila Ijumaa. Wanaume, Bwana Sefu na Rajabu wakiwemo, walipelekewa sinia lao barazani, sisi watatu tulitandika mkeka uani. Konsolata alikuwa ameshaomba ruhusa asubuhi: anakwenda Murungu siku chache kumsaidia mjomba kuvuna maharage. Bi Zuhura hakujua kwamba wakati ule hakukuwa na maharage ya kuvuna popote, maana Mpwani yule alijua maharage yakiwa ndani ya sufuria tu. Mfuko wa Konsolata ulikuwa nyuma ya mlango, nimeuona. Bi Zuhura akasema bismillahi, tukaingiza mikono. Nakumbuka mdalasini, nakumbuka kipande cha nyama alichonisogezea Konsolata upande wangu, kwa kuwa alijua napenda ya mfupa. Nilikiangalia kipande kile. Nikasema, kwa sauti ambayo hata barazani walinyamaza, "Kesho Konsolata anakwenda Gisuru. Anapanda lori la Rajabu mpaka Mabamba, anavuka mto, anakwenda kumtafuta mama yake."

Bi Zuhura alisema, "Gisuru ndiyo wapi? Si ulisema Murungu, mwanangu?" Hakuelewa kitu, masikini, alidhani ni habari tu. Aliyeelewa alikuwa mmoja. Vidole vya Konsolata vilibaki ndani ya wali. Akavitoa taratibu, akaviosha kwenye beseni kimoja kimoja, akainuka. Aliingia ndani, akautoa mfuko nyuma ya mlango, akaubeba mpaka jikoni na kuuweka chini kando ya mafiga. Akakaa kwenye kigoda, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Nilimfuata. Moshi ulikuwa mwingi. "Umeifunga," alisema. Nikasema ndiyo. "Unajua nani analipa nikienda." Nikasema najua, ndiyo sababu. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo usiku kucha: kwa ajili yake mwenyewe asingebaki, lakini kwa ajili ya mama yake angebaki. Sikumfunga kwa kamba, nilimfunga kwa mama yake. Bwana Sefu alimkaripia Rajabu, kukawa na maneno barazani, lakini hayo yalikuwa ya wakubwa na hayakubadili kitu. Jumamosi alfajiri tulisikia lori likiwashwa, likisumbua, likishika, likaondoka. Konsolata alikuwa kwenye kigoda chake anachokora majivu.

Mwezi ulikuwa mchanga bado, kwa hiyo tulingoja wote uishe. Alishona, alikula, alijibu akiulizwa. Mimi nililala ukutani kwangu na yeye ukutani kwake, na dunia yote katikati. Siku mwezi mpya ulipoonekana juu ya mikaratusi ya kanisa alitoka nje akautazama, lakini kabla hajaingia ndani kukawa na habari. Mmoja wa waliovuka Jumamosi ile alikuwa amerudi kwa miguu. Wenzake wengine walikamatwa kabla ya kufika popote, wengine mto uliwarudisha. Yeye alifika Gisuru. Na alisema yule mama alikuwepo kweli, kovu mkono wa kushoto, alikuwa bado anauliza. Alipoambiwa kwamba katika waliovuka hayumo binti wa namna hiyo, alifunga kitambaa chake akaondoka na kundi la watu waliokuwa wakielekea ndani ya nchi, na hakuna ajuaye wapi. Konsolata alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Amedhani sikumfuata." Kabla mwaka haujaisha aliondoka Kibondo, hakuaga, na mfuko wake ulipotoka nyuma ya mlango sikumuuliza mtu anakokwenda.

Watu hupenda mzee akisimulia mambo kama haya aombe radhi mwishoni. Siombi. Nimeishi nayo, imeniuma, katika misiba yote niliyomwona nimewatazama watoto wake watano na kujisemea, hawa wapo. Kisha nimemtazama mikono, nikakumbuka kovu la mama yake, na kujisemea, yule hakuwapo. Yote mawili ni yangu. Ningerudishwa kwenye mkeka ule na pilau ile ningesema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, hata nikijua ninachokijua sasa. Nilichotamani kwa miaka yote hiyo ni kwamba aje anitukane, nyumbani kwangu, kwa nafasi, tumalize. Badala yake amekuja kunishonea kifungo.

"Taja mji," alirudia usiku ule wa mwaka huu. Nikasema Moscow. "Utakula nini?" Nikasema samaki wa kwenye theluji. Akaguna. Akataja Lurdi. Nikataja Kairo, ingawa kwa magoti haya ngamia atanicheka. Akataja Osaka, Hamburg, ana watu wake kule. Hatukuwahi kufika hata mmoja, wala yeye wala mimi. Mimi niliishia Tabora, yeye mjukuu wake yupo Australia na humtumia picha za bahari, na anasema Australia haikuwamo kwenye ukuta kwa hiyo haihesabiki. Tulicheka mpaka mjukuu akaja kuchungulia. Halafu akamaliza kifungo, akakata uzi kwa meno, yale machache yaliyobaki, akakunja shati. Nikangoja ataje mji mmoja zaidi. Hakutaja. Nikauangalia mfuko wake. Alikuwa ameuweka nyuma ya mlango.

Niliamka kabla yake nikachemsha viazi vitamu, nikavifunga kwenye jani la mgomba pamoja na kipande cha samaki, vya kutosha safari ndefu. Alipotoka chumbani amevaa viatu nilimpa vile viazi. Akavipokea kwa mikono miwili. Upindo wa gauni lake ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kukunja mara mbili. Mtu wa umri wetu hamfuati mama aliye hai, hilo nalijua, lakini hata mifupa ina mahali ilipolala na ina haki ya kujua kwamba ilifuatwa. Tulisimama langoni. Alingoja, nikaona anangoja, na mimi nikatazama mawingu juu ya Kasulu nikasema mvua haitanyesha mpaka jioni. Akanishika mikono, viwiko kwa viwiko, kama wanavyosalimiana kwao, akanishika kwa muda mrefu. "Oya, Stazia," alisema, hapana ya kwao. "Kweli umezeeka." Kisha akashika njia ya stendi, upande yanakosimama magari ya Kibondo.

Jirani yangu, Mama Neema, alikuwa anafagia uwanja wake, na hakuna gari wala mgeni apitaye mtaani kwetu bila yeye kujua habari zake. Akaegemeza fagio kwenye ua. "Mgeni wako mbona mapema hivyo," akasema. "Anaelekea wapi?"

"Bombay," nikamwambia.

"Bombay?"

"Bombay. Ana watu wake kule."